Kabla ya Kuandika Barua ya Kusitisha Mkataba

Kifungu cha kusitisha mkataba kwa kawaida hukaa karibu na mwisho wa waraka, baada ya bei, ratiba ya malipo na maelezo ya kazi, na wengi wanaotia saini hukifikia wakiwa wamekwisha kuchoka. Katika kazi yangu ya kuandaa na kupitia mikataba ya biashara nimeona kampuni zikivutana siku kadhaa kuhusu sehemu ndogo ya bei, kisha zikakubali kifungu hicho bila swali hata moja, kana kwamba ni orodha ya anwani. Jambo hili hunisikitisha, kwa sababu siku mambo yanapoharibika, bei inakuwa inajulikana na kila mtu lakini njia ya kutokea haimo kichwani mwa yeyote.

Ninachotaka kukisema ni hiki: katika kusitisha mkataba, aliye hatarini zaidi mara nyingi ni yule aliyekosewa, ambaye sasa anajiandaa kuondoka. Akiondoka bila msingi unaotambuliwa na sheria, au akawa na msingi lakini akakosea utaratibu, yeye ndiye anayegeuka kuwa mvunjaji wa mkataba, na mwenzake aliyechelewesha kazi au malipo anapata mlango wa kudai fidia. Mwenye haki saa nne asubuhi anaweza kuwa mdaiwa ifikapo saa sita mchana, na kilichotokea katikati ni barua aliyoiandika mwenyewe.

Haki ya kusitisha hutoka sehemu mbili. Ya kwanza ni mkataba wenyewe, pale wahusika wanapoandika kwamba jambo fulani likitokea, upande mmoja au pande zote mbili zinaweza kuumaliza. Ya pili ni sheria, ambayo humpa mtu haki hiyo hata kama mkataba haukusema neno. Watu wengi huchanganya hizi mbili, nao hulipia mchanganyiko huo baadaye, kwa kuwa masharti yake hayafanani, taratibu zake hazifanani, na fedha zinazoweza kudaiwa mwishoni nazo hazifanani.

Tuanze na sheria. Hakuna mfumo wa sheria ninaoufahamu unaoruhusu mkataba wa biashara uvunjwe kwa kosa lolote lile, hata liwe dogo kiasi gani. Kila mfumo una njia yake ya kupima uzito wa kosa. Katika nchi zinazofuata mfumo wa Kiingereza, kwa muda mrefu masharti ya mkataba yaligawanywa makundi mawili: yale ya msingi, ambayo yakikiukwa humpa mwenzako haki ya kujitoa, na yale ya pembeni, ambayo yakikiukwa humpa fidia tu. Mgawanyo huo ulikuwa rahisi kuueleza lakini ulizaa matokeo ya ajabu. Mwaka 1933, katika kesi ya Arcos dhidi ya Ronaasen, wanunuzi wa vipande vya mbao za kutengenezea mapipa ya saruji waliruhusiwa kukataa shehena kwa sababu mbao nyingi zilizidi kidogo unene wa nusu inchi ulioandikwa kwenye mkataba. Mbao hizo zilifaa kabisa kwa kazi iliyokusudiwa. Kilichowasukuma wanunuzi kuzikataa ni kwamba bei ya mbao sokoni ilikuwa imeshuka. Ilichukua miongo sita kabla ya sheria ya Uingereza ya mauzo ya bidhaa kubadilishwa, mwaka 1994, ili mnunuzi wa kibiashara asiweze kukataa mzigo kwa kasoro ndogo kiasi kwamba kuukataa hakuna busara.

Kesi iliyobadilisha fikra zaidi ni ile ya meli iliyoitwa Hongkong Fir, na ningependa kukaa nayo kidogo kwa sababu inaonyesha jinsi hesabu za kibiashara zinavyoweza kumponza mtu mwenye malalamiko ya kweli. Meli hiyo, iliyojengwa mwaka 1931, ilikodishwa kwa miezi 24 na kukabidhiwa kwa wakodi huko Liverpool mwezi Februari 1957. Ilielekea Newport News, Marekani, kupakia makaa ya mawe ya kupelekwa Osaka. Mitambo yake ilikuwa imezeeka na ilihitaji watu stadi, lakini wafanyakazi wa chumba cha injini walikuwa wachache na hawakuwa na uwezo, na mhandisi mkuu alikuwa mlevi. Takribani wiki 20 zilipotea kwa matengenezo. Ilipofika Septemba, meli ikiwa imerudishiwa uwezo wa kusafiri, bado ilikuwa na miezi 17 ya kukodishwa mbele yake, lakini bei ya kukodi meli ilikuwa imeporomoka kutoka shilingi 47 za Uingereza kwa tani hadi shilingi 13 na nusu. Wakodi walikwisha kutangaza kwamba wamejitoa.

Hakuna aliyebisha kwamba mwenye meli alikosea. Hata hivyo Mahakama ya Rufani ya Uingereza iliona kwamba wakodi ndio waliovunja mkataba. Jaji Diplock alieleza kwamba kuna masharti ambayo huwezi kujua uzito wake kabla hayajakiukwa, kwa sababu sharti la meli kuwa na uwezo wa kusafiri linaweza kukiukwa kwa kasoro ndogo inayorekebishika upesi au kwa kasoro itakayoipoteza meli nzima. Kwa masharti ya aina hiyo, swali ni kama kosa lililotokea limemnyima mwenzako karibu faida yote aliyokusudia kuipata katika mkataba. Miezi 17 iliyobaki ilitosha kusema kwamba halikumnyima. Kila ninaposoma kesi hii nawafikiria wale wakodi: walikuwa na meli mbovu, ushahidi mzito na hasira ya haki, na bado walitoka mahakamani wakiwa wadaiwa. Kuporomoka kwa bei ndiko kulikowafanya waone kosa la mwenzao kuwa kubwa kuliko lilivyokuwa, na ningemshauri yeyote anayetaka kusitisha mkataba ajiulize kwa dhati kama angeandika barua hiyohiyo endapo bei ya soko ingekuwa inampendelea.

Katika mauzo ya bidhaa ya kimataifa, Mkataba wa Vienna wa mwaka 1980, ulioanza kutumika tarehe 1 Januari 1988 na ambao leo umeridhiwa na zaidi ya nchi 90, unatumia kipimo kinachokaribiana na hicho. Kifungu cha 25 kinahitaji ukiukaji wa kimsingi, yaani kosa linalomnyima mwenzako kwa kiasi kikubwa kile alichokuwa na haki ya kukitarajia, na ambalo mkosaji angeweza kuliona matokeo yake kabla. Lakini mkataba huo una njia nyingine ambayo naiona ni ya hekima sana. Bidhaa zikichelewa, mnunuzi anaweza kumpa muuzaji muda wa nyongeza unaofaa, akautaja wazi, na muda huo ukipita bila bidhaa kufika, mnunuzi anapata haki ya kujitoa bila kulazimika kubishana kama ucheleweshaji wa mwanzo ulikuwa mkubwa au mdogo. Muda wa nyongeza unageuza swali gumu la kisheria kuwa swali la kalenda. Anayeshindwa kuutumia, kwa sababu tu amekasirika na hataki kumpa mwenzake siku moja zaidi, anajinyima silaha bora kuliko zote alizokuwa nazo.

Sheria za bara la Ulaya zinafika mahali hapohapo kwa njia nyingine. Nchini Ufaransa, kwa muda mrefu kanuni ilikuwa kwamba anayetaka mkataba uvunjwe kwa kosa la mwenzake aende kwa hakimu. Mageuzi yaliyoanza kutumika tarehe 1 Oktoba 2016 yaliandika wazi, katika kifungu cha 1226 cha sheria ya kiraia, kwamba mtu anaweza kuuvunja kwa taarifa yake mwenyewe, lakini kwanza amtake mwenzake atimize wajibu ndani ya muda unaofaa, na afanye hivyo kwa kubeba hatari yake mwenyewe. Maneno hayo ya hatari yamo ndani ya sheria yenyewe. Nchini Ujerumani, kifungu cha 314 cha sheria ya kiraia kinamruhusu mhusika wa mkataba wa muda mrefu kuumaliza papo hapo kwa sababu nzito, lakini kinamtaka achukue hatua ndani ya muda unaofaa tangu aijue sababu hiyo. Akikaa nayo mfukoni kwa miezi, akiisubiri siku itakayomfaa, haki inampotea.

Kwa kuwa vipimo vya sheria vina utata kiasi hiki, wafanyabiashara huandika vyao ndani ya mkataba. Hapo ndipo kazi ya kweli ya kifungu cha kusitisha ilipo, na ndipo mikataba mingi ninayoletewa inapolegea. Utakuta imeandikwa kwamba upande wowote unaweza kusitisha iwapo mwenzake atafanya "ukiukaji mkubwa", bila maelezo zaidi. Ukubwa huo unapimwa na nani, na kwa kulinganisha na nini? Kuchelewesha malipo kwa siku tatu ni ukiukaji mkubwa? Kuchelewesha mara nne katika mwaka? Waandishi wa mkataba wangeweza kujibu maswali haya kwa mistari michache, wakiwa bado wanapatana, badala ya kuwaachia mahakama au mwamuzi ayajibu baada ya uhusiano kufa.

Mfano ninaoupenda kuliko yote katika eneo hili ni kesi ya Schuler dhidi ya Wickman, iliyoamuliwa mwaka 1973 na Baraza la Malordi la Uingereza, ambalo wakati huo ndilo lililokuwa mahakama ya juu kabisa. Kampuni ya Kijerumani iliipa kampuni ya Kiingereza haki ya pekee ya kuuza mashine zake. Mkataba ulisema kwamba lilikuwa sharti la msingi kwa wawakilishi wa muuzaji kuwatembelea watengenezaji sita wakubwa wa magari angalau mara moja kila wiki. Mkataba ulikuwa wa zaidi ya miaka minne na nusu, kwa hiyo ziara zilizotakiwa zilikuwa zaidi ya 1,400. Baadhi ya ziara hazikufanyika, na kampuni ya Kijerumani ikasitisha mkataba ikisema kwamba neno lililotumika lina maana yake katika sheria, na kwamba ziara moja tu iliyokosekana inatosha.

Majaji walio wengi walikataa. Waliangalia kifungu kingine cha mkataba huohuo, kilichosema kwamba upande mmoja ungeweza kusitisha iwapo mwenzake angefanya kosa kubwa na kushindwa kulirekebisha ndani ya siku 60 baada ya kutakiwa kwa maandishi. Wakajiuliza kama wafanyabiashara wenye akili timamu wangekubali kwamba mwakilishi mmoja akiugua siku ya ziara, mkataba mzima wa miaka unaweza kuanguka siku hiyohiyo bila onyo. Lord Reid alisema kwamba kadiri tafsiri inavyozaa matokeo yasiyo na busara, ndivyo inavyokuwa vigumu kuamini kwamba wahusika waliikusudia, na kwamba kama kweli waliitaka, ilikuwa juu yao kuieleza waziwazi kabisa. Lord Wilberforce hakukubaliana na wenzake. Yeye aliona kwamba kampuni ina haki ya kudai ukali wa kazi ikiwa imeuandika. Nadhani walio wengi walikuwa sahihi, lakini huwa nawakumbusha wateja kwamba jaji aliyeheshimika vile aliusoma mstari uleule na kuona kinyume. Neno moja zito halitoshi. Ukitaka kosa fulani liwe mwisho wa mkataba, liandike, sema hata likitokea mara moja, sema halina muda wa kurekebishwa, na hakikisha hakuna kifungu kingine kurasa tano mbele kinachosema tofauti.

Kipindi cha kurekebisha kosa kinastahili uangalifu wa pekee. Nimeona mikataba inayotoa siku 30 kwa kila kosa, bila kujali kama kosa lenyewe linarekebishika. Siri ya biashara ikishatolewa kwa mshindani, siku 30 zitarekebisha nini? Kinyume chake, mkandarasi wa mfumo wa kompyuta akipewa siku saba kurekebisha hitilafu inayohitaji majaribio ya mwezi, kipindi hicho ni mtego tu. Na kuna mchezo mwingine unaochosha: mdaiwa anayelipa siku ya 29 ya kila notisi, mwezi baada ya mwezi, akijua kwamba kila anapolipa kosa linafutika na hesabu inaanza upya. Dawa yake ni kifungu kinachosema kwamba makosa kadhaa ya aina moja ndani ya kipindi kilichotajwa yanatoa haki ya kusitisha hata kama kila moja lilirekebishwa. Idadi ya makosa na urefu wa kipindi viandikwe kwa tarakimu.

Kisha kuna haki ya kusitisha bila sababu yoyote, kwa kutoa notisi tu. Haki hii ilikua hasa katika mikataba ya serikali ya Marekani, ambayo kila vita kuu ya dunia ilipokwisha ilijikuta na maagizo makubwa ya silaha na vifaa visivyohitajika tena; sheria ya mwaka 1944 kuhusu kumaliza mikataba ya vita iliweka utaratibu wa kuwalipa wakandarasi kwa kazi waliyokwisha kuifanya. Leo iko katika mikataba ya kila aina, na mara nyingi imeandikwa kwa faida ya upande wenye nguvu peke yake. Sina ugomvi na haki yenyewe, kwa kuwa hakuna anayepaswa kufungwa milele katika uhusiano uliokwisha kupoteza maana. Ugomvi wangu ni na notisi za siku 30 katika mikataba ambayo upande mdogo umekopa fedha, umenunua mashine na umeajiri watu kwa ajili ya mteja mmoja. Urefu wa notisi unapaswa kulingana na muda ambao mtu anahitaji kuelekeza biashara yake kwingine.

Baadhi ya sheria zimeliona hili. Agizo la Jumuiya ya Ulaya la mwaka 1986 kuhusu mawakala wa biashara linaweka notisi ya chini kabisa ya mwezi mmoja katika mwaka wa kwanza wa mkataba usio na kikomo, miezi miwili katika mwaka wa pili, na miezi mitatu kuanzia mwaka wa tatu. Sheria ya biashara ya Ufaransa inamwajibisha anayekata ghafla uhusiano wa kibiashara uliodumu bila notisi inayolingana na urefu wa uhusiano huo, na tangu mwaka 2019 inasema kwamba aliyetoa notisi ya miezi 18 hawezi kudaiwa kwa kosa la notisi fupi. Pale mkataba usio na kikomo unaponyamaza, kanuni za mikataba ya biashara ya kimataifa za UNIDROIT, taasisi ya kimataifa ya kuoanisha sheria, zinaruhusu kila upande kuumaliza kwa notisi ya muda unaofaa. Lakini "muda unaofaa" ni chanzo cha kesi, na anayeweza kuandika idadi ya miezi aiandike.

Sasa nifike kwenye barua yenyewe, mahali ambapo haki nzuri hufia. Mteja mmoja, msambazaji wa bidhaa ambaye muuzaji wake alikuwa amechelewesha mizigo mara kwa mara, alinijia akiwa amekwisha kutuma ujumbe wa simu kwa meneja wa mauzo wa upande wa pili, akisema kwamba amechoka na biashara imekwisha. Mkataba wao ulitaka mambo matatu: notisi ya maandishi iliyotiwa saini, itumwe kwa anwani iliyotajwa kwa mkurugenzi aliyetajwa kwa cheo, na itaje kosa pamoja na kutoa siku 20 za kulirekebisha kabla ya kusitisha. Ujumbe ule haukutimiza hata moja. Kwa bahati muuzaji hakuuchukulia kwa uzito, tukaweza kuandika notisi sahihi na kuanza kuhesabu upya. Angekuwa na wakili makini siku ile, angeweza kudai kwamba msambazaji ndiye aliyetangaza kutotimiza mkataba. Wahenga walisema hasira hasara, na katika eneo hili hasara hiyo hupimwa kwa fedha.

Mahakama zimewahi kuwa na huruma kwa makosa madogo ya notisi. Katika kesi ya Mannai, iliyoamuliwa na Baraza la Malordi mwaka 1997, mpangaji mwenye haki ya kumaliza upangaji tarehe 13 Januari 1995 aliandika kwenye notisi tarehe 12 Januari. Majaji watatu dhidi ya wawili waliona kwamba mwenye nyumba, akiusoma mkataba pamoja na notisi hiyo, hakuweza kuwa na shaka kuhusu mpangaji alichokusudia, kwa hiyo notisi ilikuwa halali. Lakini katika uamuzi huohuo Lord Hoffmann alieleza kwamba kama mkataba ungetaka notisi iandikwe kwenye karatasi ya buluu, kuiandika kwenye karatasi ya waridi kusingefaa kitu, hata kama maana yake ingekuwa wazi namna gani. Kosa la kueleza linaweza kusamehewa. Sharti la utaratibu lililokiukwa halisameheki kirahisi. Na tukumbuke kwamba siku moja ya kalenda ilimfikisha mpangaji yule hadi mahakama ya juu, akashinda kwa kura moja.

Kwa hiyo kabla ya kuandika, nasoma vifungu vitatu pamoja: kifungu cha kusitisha, kifungu cha notisi na kifungu cha utatuzi wa migogoro, kwa kuwa hiki cha mwisho wakati mwingine kinataka mazungumzo ya wakuu wa kampuni kabla ya hatua nyingine. Naangalia pia kama sababu iliyopo inaangukia ndani ya mkataba, ndani ya sheria, au kotekote, na barua ninayoiandika inataja misingi yote inayopatikana bila kuachia mmojawapo. Sheria ya Kiingereza, tangu kesi ya Boston Deep Sea Fishing ya mwaka 1888, kwa jumla humruhusu aliyesitisha kwa sababu dhaifu kujitetea baadaye kwa sababu nzuri iliyokuwapo wakati ule hata kama hakuijua. Kinga hiyo ni ya manufaa, lakini haimsaidii aliyeruka kipindi cha kurekebisha alichotakiwa kukitoa.

Hatari nyingine ni ukimya. Mtu anayeujua ukiukaji unaompa haki ya kujitoa, kisha akaendelea kupokea bidhaa, kulipa ankara na kupanga mikutano ya mwezi ujao, anaweza kuhesabiwa kuwa amechagua kuuendeleza mkataba. Wengi hutegemea kifungu kinachosema kwamba kuchelewa kutumia haki si kuiacha. Kesi ya Tele2 dhidi ya Posta ya Uingereza, mwaka 2009, iliwaonya. Kampuni ya simu ilishindwa kuwasilisha barua ya dhamana kutoka kampuni mama kwa tarehe iliyopangwa. Posta ikaendelea na mkataba karibu mwaka mzima bila kulalamika, kisha ikausitisha kwa sababu hiyohiyo. Mahakama ya Rufani iliamua kwamba Posta ilikuwa imekwisha kuchagua kuuthibitisha mkataba, na kifungu kile hakikuweza kufuta uchaguzi uliofanywa kwa vitendo. Anayehitaji muda wa kufikiri na aandike mapema kwamba anahifadhi haki zake zote, aseme anafanya uchunguzi, kisha asichukue muda mrefu kupita kiasi.

Kuhusu kufilisika, nitasema machache, ila ni machache muhimu. Karibu kila mkataba una mstari unaoruhusu kusitisha iwapo mwenzako ataingia katika taratibu za ufilisi, na wengi huuona kuwa kinga imara kuliko zote. Katika nchi kadhaa mstari huo haufanyi kazi inavyodhaniwa. Sheria ya ufilisi ya Marekani ya mwaka 1978 inazuia sehemu kubwa ya vifungu vya aina hiyo. Australia iliweka vizuizi vyake kuanzia tarehe 1 Julai 2018, na Uingereza ikafuata mwaka 2020 kwa kuwazuia wasambazaji wa bidhaa na huduma kusitisha kwa sababu tu mteja wao ameingia katika utaratibu wa ufilisi. Sababu yake ni kuipa biashara inayoyumba nafasi ya kuokolewa. Anayetaka kinga aitafute mapema zaidi: katika kuchelewa kwa malipo, katika kushuka kwa viwango vya fedha vilivyokubaliwa, au katika malipo ya awali.

Matukio yasiyozuilika, kama vita, mafuriko au marufuku ya serikali, yana sheria zake, na ni somo linalojitegemea. Hapa nataka tu ieleweke kwamba kifungu cha matukio hayo kwa kawaida husimamisha wajibu kwa muda. Hakimalizi mkataba mpaka kiwe kimesema hivyo, na kiseme baada ya muda gani.

Linabaki suala la fedha, ambalo watu huliuliza mwisho ingawa ndilo linalopaswa kuamua ni haki ipi itumike. Katika sheria ya Kiingereza, anayesitisha kwa kutumia haki iliyoandikwa tu, kwa kosa ambalo lisingetosha chini ya sheria ya jumla, anaweza kupata yale yaliyokuwa yameshaiva hadi siku ile na asipate hasara ya miaka iliyobaki. Lakini katika kesi ya Lombard dhidi ya Butterworth, mwaka 1986, kampuni iliyokodisha kompyuta ilikuwa imeandika kwamba kulipa kila awamu kwa wakati ni sharti la msingi. Kwa mstari huo mmoja ucheleweshaji wa mdaiwa uligeuka kuwa kosa la kuvunja mkataba mzima, na mkodishaji akapata fidia ya hasara ya awamu zote zilizokuwa zimebaki. Majaji walioamua hivyo hawakuficha kwamba matokeo hayakuwafurahisha. Anayekodi kifaa cha kazi kwa awamu na autafute mstari wa namna hiyo kabla ya kutia saini, na aombe uondolewe.

Aidha, kusitisha hakufuti kila kitu. Katika mikataba ya huduma na usambazaji wajibu wa mbele ndio unaokoma. Deni lililoiva linabaki, na kwa kawaida usiri, kifungu cha usuluhishi na mipaka ya dhima vinaendelea kuishi. Mkataba mzuri unataja vifungu hivyo kwa namba. Unasema pia nani anabaki na takwimu za wateja, zinakabidhiwa katika muundo gani, msambazaji ana miezi mingapi ya kuuza bidhaa zilizobaki ghalani, na bei ya huduma wakati wa makabidhiano ni ipi. Nasisitiza jambo moja hapo, na huwa nalipigania hata pale wateja wangu wanapoona nalitilia mkazo kupita kiasi: wajibu wa kukabidhi uandikwe kuwa unatekelezwa hata kama pande zote mbili bado zinabishana nani alikosea na nani anamdai mwenzake. Shauri la aina hiyo linaweza kuchukua miaka, na katika muda huo kuna hospitali, kiwanda au ofisi ya mishahara inayohitaji mfumo uwake kesho asubuhi.